Zuzu, Mpole, Mwenye Maringo

Kiswahili hakina neno moja la mtu mkimya. Kina maneno mengi, na kila moja linakuja na hukumu yake. Msichana asiyesema sana ni mpole, ana haya, amelelewa. Kijana wa kiume mwenye tabia hiyohiyo amezubaa, mjini hapamfai. Mfanyakazi mpya anayekula chakula cha mchana peke yake ana maringo, anajiona. Mzee akinyamaza ana busara. Mgeni akinyamaza anachunguza kitu. Mke akinyamaza amenuna. Tabia ni moja; kinachobadilika ni nani anaitazama.

Mimi naishi Zuzu, kata iliyo magharibi ya mji wa Dodoma, ambayo wengi wanaijua kwa kituo chake kikubwa cha kupoza umeme. Jina la kata yetu linafanana herufi kwa herufi na neno la kamusi lenye maana ya mtu asiyejua mambo, na utani unajitengeneza wenyewe. Kwa mkimya anayetoka Zuzu utani huo hauishi. Nyamaza dakika kumi kwenye semina ya uzamili, mtu atakukumbusha unakotoka, na darasa zima litacheka kwa upendo. Nami nacheka. Lakini ndiyo maana naelewa kwa nini vijana wa rika langu wamelipokea kwa shangwe neno jipya: introvati. Kwa mara ya kwanza mkimya amepata neno ambalo halimtukani wala halimsifu. "Mimi ni introvati" ina maana kwamba siko mjinga, sina maringo, sijanuna. Ndivyo nilivyo tu.

Neno linalomwondolea mtu aibu ni neno la kuheshimiwa. Hata hivyo, kila ninaposoma riwaya zetu nikiwa na neno hilo mkononi, naona linaacha nje kitu ambacho waandishi wetu walikiona mapema: ukimya wa mtu mara nyingi si mali yake peke yake. Kuna aliyeusababisha, kuna anayefaidika nao, kuna anayeusoma vibaya. Hilo ndilo ninalotaka kulijadili hapa, na nitaanza na kitabu chenyewe kilicholisambaza neno.

Kitabu hicho ni Quiet cha Susan Cain, Mmarekani aliyewahi kuwa mwanasheria, kilichotoka 2012. Hoja yake kuu ni kwamba Marekani ya karne ya 20 ilihama kutoka kumthamini mtu kwa tabia yake hadi kumthamini kwa namna anavyojionyesha, na kwamba shule, makanisa na ofisi zimejengwa kwa ajili ya wasemaji. Anatupeleka kwenye semina ya mhamasishaji Tony Robbins, kwenye shule ya biashara ya Harvard ambako mwanafunzi asiyenyoosha mkono anaonekana mzigo, na kwenye ofisi zisizo na kuta ambako mtu anatakiwa kufikiri katikati ya kelele za wenzake. Anaeleza pia utafiti wa mwanasaikolojia Jerome Kagan juu ya watoto wachanga: wale waliorusha mikono na miguu na kulia walipooneshwa vitu vigeni ndio walioelekea kukua wakiwa watulivu na waangalifu. Kwa hiyo, anasema Cain, wengi wetu tumezaliwa hivi. Tusilazimishwe kubadilika; tupewe nafasi.

Ni kitabu chenye huruma, nami nimefaidika nacho. Hata suala la utamaduni hakulikwepa: ipo sura juu ya wanafunzi wenye asili ya Asia huko Cupertino, California, ambao nyumbani ukimya wao ni adabu na chuoni unakuwa kasoro. Pamoja na hayo, kimeandikwa kwa msomaji mwenye mlango wa kufunga. Mapendekezo yake mengi, kama kujitengea muda, kutafuta kona ya kupumzika baada ya kukutana na watu, kujadiliana na mwenzi wako ni mara ngapi mtoke jioni, yanahitaji chumba. Kwetu nyumba ya kupanga ina vyumba sita, choo kimoja na ua mmoja. Kutaka kuwa peke yako ni lazima utoke nje ya nyumba, na ukitoka utaulizwa unakwenda wapi.

Safari zinaonyesha jambo hilohilo. Tangu 2024 treni ya SGR inatufikisha Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa muda wa saa nne hivi, na ndani yake watu wanakaa kimya kwa namba zao za siti, kila mmoja na simu yake. Kwenye basi, jirani yako atajua kwenu ni wapi kabla hamjafika Gairo, atakununulia hindi la kuchoma na atakushikisha mtoto. Sisemi lipi ni bora. Nasema kwamba ukimya nao una nauli yake, na kitabu kinachouzungumzia kama tabia ya kuzaliwa tu hakitakuonyesha nani anaweza kuilipa.

Nyuma ya Cain yuko Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, ambaye kitabu chake cha 1921 juu ya aina za nafsi za watu ndicho kilichoeneza mgawanyo huu kati ya wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje. Miaka minne baadaye, mwaka 1925, Jung alikuja Afrika Mashariki na kukaa miongoni mwa watu wa Mlima Elgon. Katika kumbukumbu zake, zilizotoka baada ya kifo chake, anasimulia kwamba alitaka wenyeji wamweleze ndoto zao. Akawapa zawadi ndogondogo: sigara, viberiti, pini. Hakupata kitu cha maana. Mwenyewe anakisia kwamba walikuwa na woga na hawakumwamini. Hatimaye mganga mmoja mzee alimwambia kwamba tangu wazungu waje Afrika, ndoto hazihitajiki tena, kwa kuwa sasa Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliyasikia maneno hayo kama ushahidi wa utamaduni uliovunjika, na huenda alikuwa sahihi. Mimi nasikia pia jibu la mtu anayejua kunyamaza kwa kutumia maneno. Jambo la muhimu ni hili: yule yule aliyetupa lugha ya kuelezea wakimya, alipokutana na ukimya mlimani Elgon, hakusema hawa ni watu wanaoelekea ndani. Alijiuliza wanamwogopa nani. Swali hilo ndilo ninalolikuta kwa Euphrase Kezilahabi, na ndilo linalopotea tunapokimbilia lebo.

Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ilitoka 1971 na kwa muda ilizuiwa kusomwa shuleni. Tukiisoma darasani huwa tunazungumzia malezi, ukali wa baba, uhuru uliochelewa. Mimi huisoma kama riwaya juu ya ukimya uliotengenezwa. Rosa anapata barua kutoka kwa Charles. Baba yake, Zakaria, anampiga. Baada ya hapo Rosa ni msichana anayeogopa wavulana, asiyejua aweke wapi macho yake wakiwa karibu. Mtu akimkuta katika hatua hiyo bila kujua kilichotangulia, angesema nini? Angesema huyu ni mpole. Mwalimu angemsifu. Leo mwenzake wa bweni angemwambia, kwa nia njema kabisa, "Wewe ni introvati, jikubali." Wote watatu wangekuwa wamemwacha peke yake na kipigo chake.

Kezilahabi hakumwacha hapo. Woga wa Rosa unapogeuka kuwa kinyume chake, na baadaye Charles anapomrudia na kumkataa, msomaji anakuwa amekwisha kuelewa kwamba hakuna hata wakati mmoja ambapo Rosa alipewa nafasi ya kusema analotaka yeye. Alinyamazishwa kwanza, halafu akaachiwa kwenye dunia inayomtaka ajue kusema hapana na ndiyo. Anajiua. Watu husema riwaya inawalaumu wazazi. Naona inalaumu pia macho yetu, sisi tunaoona msichana aliyenyamaza na kuridhika.

Kichwamaji, iliyotoka 1974, inachukua upande mwingine. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, ndiye msimulizi, na kichwani mwake hakuna kimya hata kidogo. Anafikiri juu ya Mungu, juu ya maisha yasiyo na maana, juu ya elimu iliyomtoa kwao bila kumpeleka popote. Vitabu vya mwongozo hutufundisha kuandika "udhanaishi" na kwenda mbele. Neno ni sahihi, lakini mwanafunzi anayetoka kijijini huisoma riwaya hii kwa namna ya karibu zaidi. Kazimoto anarudi Ukerewe na hana wa kuzungumza naye lugha anayoifikiria. Akisema anayowaza, wazee hawamwelewi. Akinyamaza, wanaona elimu imempa kiburi. Nawajua watu wengi wa aina hiyo, na sidhani kama wote walizaliwa wakimya. Elimu imewapa mawazo na kuwanyang'anya wasikilizaji. Kazimoto naye anaishia kujiua, baada ya kuoa, baada ya kupata mtoto, baada ya kufanya yote ambayo jamii inasema yatamtoa mtu upwekeni.

Shaaban Robert alikuwa na matumaini zaidi. Utubora Mkulima, iliyochapwa 1968, miaka sita baada ya kifo chake, ni hadithi ya karani anayeacha kazi mjini, ajira ambayo watu wangemwonea wivu, na kwenda kulima Busutamu. Kwa msomaji wa leo aliyechoshwa na vikao, Utubora ni shujaa. Ameacha mezani kalamu na amechagua jembe, utulivu na usingizi wake. Ila tazama anachokikuta huko: majirani. Shaaban Robert hakumwandikia mkulima wake upweke. Alimpa watu wachache, wa kudumu, ambao wema wao hauhitaji maneno mengi. Utubora hakimbii binadamu. Anaikimbia kazi inayomtaka awe mtu mwingine kila asubuhi. Tofauti hiyo ni kubwa, na wengi wetu tunaosema tunachukia watu, tukichunguza vizuri, tutakuta tunachukia ofisi. Kasoro ya hadithi ni kwamba mlango wa Utubora unafunguka kwa urahisi mno. Ana shamba la kukimbilia. Karani wa Dodoma mwenye mkopo wa elimu ya juu hana.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameandika ukimya wa msafiri kuliko mwandishi yeyote wa kwetu. Katika By the Sea, ya 2001, mzee Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasi yenye jina la mtu mwingine, na anajifanya hajui Kiingereza. Ameshauriwa hivyo na aliyemuuzia tiketi. Anaijua lugha vizuri kabisa. Anamsikiliza ofisa uhamiaji akimhoji, akimsimanga kiungwana, na mwishowe akimchukulia kijisanduku chake cha udi. Yeye ananyamaza. Baadaye, anapoulizwa kwa nini, jibu lake linatoka kwa karani Bartleby, yule wa hadithi ya Herman Melville ya 1853, mtu aliyekataa kila alichoagizwa kwa kusema tu kwamba asingependa.

Gurnah anafanya jambo ambalo Kezilahabi hakulifanya: anauacha ukimya uwe na akili. Saleh Omar si mpole, hajazubaa, wala hana haya. Anajua kwamba mbele ya meza ya serikali, kila neno atakalolitoa litatumika kumpima, na kwa hiyo anatoa machache tu, yale ya kuomba hifadhi. Ofisa anaona mzee asiyejua kitu. Sisi tunaona nani hasa ndani ya chumba kile hajui kinachoendelea. Kama kuna ukurasa ninaotaka mkimya wa Zuzu ausome, ni ule.

Lakini Saleh Omar ananyamaza mbele ya hatari. Rosa ananyamaza kwa kipigo, Kazimoto kwa kukosa msikilizaji. Utubora pekee ananyamaza kwa raha, na yeye ana shamba. Nimewapanga hawa wanne pamoja ili nionyeshe pengo lililo katikati yao. Hakuna mkimya wa kawaida: mtu asiyevunjika, asiyekimbia, asiyejificha, anayeamka asubuhi na kupanda daladala kwenda kazini akiwa na maneno machache, na kurudi jioni akiwa nayo.

Mtu huyo yupo, na maisha yetu yamemtengenezea vifaa ambavyo kitabu cha Cain hakivijui. Cha kwanza ni salamu. Mmarekani mkimya analalamikia maongezi madogomadogo kwa sababu kila mara lazima abuni la kusema. Sisi hatubuni. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri, na za watoto, wazima, na kwa wazee wa hapa, mbukwenyi ya Kigogo. Mtu anaweza kupita mtaa mzima, akasalimia nyumba ishirini, akahesabika kuwa mwenye heshima, bila kutoa neno hata moja la siri yake. Wageni wanaona salamu zetu ndefu kama ushahidi kwamba sote ni wachangamfu. Nadhani ni kinyume: salamu ni fimbo ya kutembelea ya mkimya.

Cha pili ni msiba. Kwenye msiba hakuna anayekudai maneno. Ukisema pole na kuketi, umefanya kazi. Jikoni, mwanamke anayemenya vitunguu toka saa mbili hadi saa nane bila kusema chochote atakumbukwa kuliko aliyelia kwa sauti. Huko wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, nusu yao kimya, na hakuna anayewauliza wana nini. Methali inasema mtu ni watu, na wengi huitumia kumpigia mkimya kelele. Msibani inaonekana kwamba unaweza kuwa mmoja wa watu kwa mikono na kwa kuwepo.

Basi mahali panapomtesa mkimya wa leo ni wapi? Ni kazini, na neno lake ni jichanganye. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, mji umejaa ofisi na watu wanaofahamiana upya, na jichanganye limekuwa ushauri wa kila mkubwa kwa kila mgeni. Kwenye mafunzo ya vitendo katika ofisi moja hapa, nililisikia kila wiki, na mwisho nikalisoma kwenye tathmini yangu: kazi nzuri, ila hajichanganyi. Si neno baya. Linatoka kwenye imani kwamba mtu aliyejitenga yuko hatarini. Lakini tofauti na salamu, halina utaratibu. Hakuna anayekuambia ujichanganye kiasi gani, na nani, hadi saa ngapi. Na kwa mwanamke kuna swali jingine ambalo halisemwi: akijichanganya sana, atapewa jina jingine, lile ambalo Rosa alipewa.

Hapo ndipo introvati inaposhindwa kutusaidia. Ukimwambia mkubwa wako kazini kwamba ndivyo ulivyo, umemwomba akuvumilie. Hujamuuliza kwa nini cheo kinatolewa mezani kwenye nyama choma badala ya kwenye kazi iliyofanyika. Na ukimwambia mwalimu kwamba binti fulani wa darasa la sita ni introvati, umempumzisha. Hatauliza tena kama nyumbani kwao kuna mtu anayempiga anapoongea. Neno linalomlinda mtu mzima aliyejichagulia utulivu wake linaweza kumfungia mlango mtoto ambaye utulivu wake si wa kuchagua. Njia ya kuwatofautisha ninayoijua ni ile ya msomaji wa riwaya: kutazama nini kinafuata mtu huyo anapofungua mdomo. Kama hakifuati kitu, tumwache na ukimya wake. Kama kinafuata kipigo, kicheko au jina baya, hatuna haki ya kumwita mpole.

Nawaomba waandishi wetu jambo moja kwa ajili ya wale wa kundi la kwanza. Tuandikieni mwanamke mkimya ambaye hakuna aliyemvunja. Apange chumba Zuzu au popote, asalimie majirani, amenye vitunguu msibani, akatae nyama choma ya Ijumaa kwa sababu amechoka, apandishwe cheo au asipandishwe. Na ukurasa wa mwisho ukifika, tofauti na Rosa na Kazimoto, awe hai, amelipa kodi ya mwezi, na bado hasemi sana.